Mashahidi wa Alhamisi

Kila Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, Bi Malak alibandika birika la kahawa kwenye jiko la mkaa, akachoma udi, akapanga vikombe vitatu kwenye sinia: cha kwake, cha binti yake Bahiya, na cha baba mkwe wake, mzee Aidarus, aliyefariki mwaka wa tisini na mbili. Mzee aliingia kwa mlango wa uani kwenye saa kumi na moja. Alifuta miguu kwenye gunia, kwa sababu ilikuwa na udongo, akaketi, akauliza ng'ombe wa wiki hiyo walitoka wapi. Kabla ya adhana ya magharibi alirudi makaburini. Majirani wa Tandika walishamzoea. Wengine walimpa salamu awapelekee wazazi wao.

Familia ilikuwa na bucha. Hudhaifa, mdogo wake Bahiya, ndiye aliyekwenda machinjioni Vingunguti kila asubuhi, akabeba nusu ng'ombe begani kutoka kwenye ndoano mpaka kwenye guta la magurudumu matatu, mbio, bila kupumzika. Jioni alicheza raga kwenye uwanja wa shule kule Kawe.

"Mpira wenyewe kama yai," Valerian, mchuna ngozi, alimtania. "Ukidondoka, hauvunjiki?"

"Mie ndo navunjika," Hudhaifa alijibu, akapita na nyama yake.

Habari za mabega hayo zilimfikia Anwar. Anwar alikuwa meneja wa timu ya taifa ya raga, ile ya wachezaji kumi na watatu, ya nchi aliyozaliwa mzee Aidarus huko Asia. Timu ilikuwa changa, ina miaka mitatu tu. Nchini kwenyewe wanaoujua mchezo walikuwa wachache, kwa hiyo meneja alizunguka dunia akikusanya wajukuu: wawili Australia, mmoja Mombasa. Kanuni iliruhusu. Ilitakiwa tu ithibitishwe kwamba babu alizaliwa kule.

Mzee Aidarus hakuwa na cheti cha kuzaliwa.

"Njoo Alhamisi umuulize mwenyewe," Bi Malak alimwambia Anwar.

Anwar alikuja. Alivua viatu mlangoni, akampa mzee mkono, akajipangusa udongo kwenye suruali. Aliuliza jina la kijiji, jina la kisima, jina la kadhi wa wakati ule. Mzee alijibu yote. Fomu ilitaka sahihi, na mzee hakujua kuandika, kwa hiyo aliweka dole gumba. Wino haukuhitajika. Udongo wa kaburini uliacha alama safi, kila mstari ukionekana.

"Huko wataikubali?" Bahiya aliuliza. "Babu ni marehemu."

"Sista, hakuna shahidi kama marehemu," Anwar alisema, akipuliza vumbi lililozidi. "Adanganye ili apate nini?"

Fomu ilikubaliwa kwa siku mbili.

Hudhaifa alicheza mechi moja. Ilichezwa Jumamosi, na Jumapili Anwar alipiga simu. Alisema Hudhaifa ameteleza bafuni hotelini, amegonga kichwa, na kwamba Mungu amempenda zaidi. Ripoti ya timu iliandika hivyo hivyo, bila hilo la Mungu.

Mwili uliletwa kwa ndege. Mzee Jabiri, aliyemwosha, alitoka chumbani akiwa na leso mkononi, akamwita Bahiya pembeni. Ndani ya leso kulikuwa na kinga ya meno, ile ya mpira wanayovaa wachezaji.

"Nimeikuta mdomoni," alisema. "Na majani ya uwanja nimeyatoa sikioni. Mwanangu, nimeosha watu miaka thelathini. Aliyefia bafuni hawi hivi."

Alhamisi iliyofuata Bi Malak alipanga vikombe vinne. Hudhaifa aliingia nyuma ya babu yake, akiwa na sanda mpya, anatembea upandeupande kidogo. Alifuta miguu kwenye gunia kama alivyoona mwenziwe amefanya.

Alipomaliza kumsalimia mama yake, alieleza. Kipindi cha kwanza alipigwa goti kichwani. Alimfuata Anwar ukingoni mwa uwanja, akamwambia anaona kila kitu viwili viwili.

"Akaniuliza, na mpira unauona miwili? Nikasema ndiyo. Akasema, basi kamata wowote, rudi ndani. Benchi lilikuwa na mtu mmoja, kafungwa mguu. Kipindi cha pili sikikumbuki."

Bahiya aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Hudhaifa aliweka dole gumba chini yake. Udongo ulikuwa ule ule. Bahiya aliitumia timu karatasi hiyo pamoja na picha ya kinga ya meno, na aliomba jambo moja tu: neno bafuni lifutwe, iandikwe kwamba mdogo wake alirudishwa uwanjani akiwa ameumia.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Timu ilitoa pole. Maelezo ya marehemu hayakuweza kupokelewa, kwa kuwa marehemu hana uwezo wa kutoa ushahidi. Kinga ya meno ilikuwa mali ya timu, na irudishwe.

Siku hiyo Bahiya alikata mifupa buchani mpaka gogo likapasuka. Wateja walingoja, wakachukua nyama yao, wakaondoka bila kuomba nyongeza. Kinga hakuirudisha.

Mwezi wa kumi na moja Anwar alikuja tena Tandika, siku ya Alhamisi, na haluwa kwenye mfuko. Safari hii alimtaka Talha, mtoto wa ami yake Hudhaifa, ambaye sasa ndiye aliyebeba nyama ya Vingunguti. Alimkuta Hudhaifa ameketi, akamsalimia kwa jina, akamwambia amepungua.

Bahiya aliweka karatasi mbili kwenye sinia, nakala ya fomu ya babu na ya maelezo ya mdogo wake.

"Dole hili ulilipokea. Hili umelikataa. Wote wawili wamekufa, udongo mmoja. Niambie tofauti."

Anwar alizitazama kwa makini, kama mtu anayependa kusaidia.

"Sista, ile ilikuwa ishu ya asili ya mchezaji. Hii ni ishu ya lawama."

"Kwa hiyo marehemu anasema kweli akiwafaa nyie tu," Bi Malak alisema. "Kunywa kahawa yako, uondoke."

Mzee Aidarus aliingiza mikono yote ndani ya sanda. Alisema dole lake hatoi tena. Anwar hakuudhika. Alieleza kwamba halihitajiki. Babu akishathibitishwa, amethibitishwa kwa wajukuu wote, na Talha alishasaini asubuhi machinjioni. Alimaliza kahawa, akashukuru, akavaa viatu.

Talha aliondoka Januari. Bi Malak alinunua kikombe cha tano, akakiweka juu ya kabati, hakusema cha nani.

Ripoti bado inasema bafuni. Kila Alhamisi Hudhaifa akishaketi humuuliza dada yake, "Wameandika?"

"Bado."

Kisha hunyoosha mkono kuchukua kahawa, vidole vinashika hewa kando ya kikombe. Bahiya huushika ule mkono, wa baridi, akausogeza mpaka kilipo kikombe.