Zamu ya Mzee Geti

Mzee Geti hakupanda ndege kutafuta kazi. Ulinzi alishastaafu, alikuwa anakwenda kumwona bintiye, ambaye hawajaonana naye tangu aolewe. Na hata harusini mzee hakufika. Mlinzi wa kumpokea zamu hakutokea, na Mzee Geti haachi lindo bila kukabidhi. Binti alilia, hasira akaziweka moyoni. Sasa anafagia ndege kwenye uwanja wa ugenini anakokwenda mzee, na siku hiyo aliomba ruhusa amngojee nje. "Mwanangu, nitakuwa wa kwanza kutoka," mzee alimwapia kwenye simu.

Basi si wakamkalisha kando ya mlango wa dharura! Mhudumu akaja, akamwaga maneno ya kwao, mzee asiambulie hata moja. Lakini mkubwa akikuuliza unajibu. "Ndiyo!" akasema. Mhudumu akaingiwa na shaka, maana kiti kile hupewa mtu anayeelewa maelekezo, akamwomba bwana wa kiti cha pili atafsiri. Bwana yule, macho yamejaa usingizi, akapiga miayo: "Anasema mlango huu uko mikononi mwako, mzee." Maelezo yote yale, kayakata hivyo! Kisha akajifunika blanketi.

Loo! Ndege ilipotulia angani, mzee akafunga vifungo vya koti, akasimama wima. Njia nzima hakula, hakusinzia. Kila aliyekwenda chooni aliulizwa anatoka wapi na anakwenda kwa nani. Mama mmoja aliyeegemea mlango kupumzisha mgongo alisindikizwa mpaka kitini. Kufika katikati ya safari, watu walikuwa wanamwonyesha tiketi wenyewe.

Ndege ikatua, wakashuka wote. Mzee yuko palepale. Mhudumu alimsihi kwa mikono, mzee akatikisa kichwa. Rubani akaja na kofia yake. Mzee akampigia saluti, ila hakubanduka.

"Nani ananipokea?" aliuliza, na hakuna aliyemwelewa. Moyo ulimuuma jamani. Alijua bintiye yuko nje, anatazama kila anayetoka. Lakini lindo ni lindo.

Wafagiaji wakaingia, wakamkuta. Mmoja akasikia anavyoongea, akatambua ni lugha ya mwenzake aliyekuwa nje, akatoka mbio kumwita.

"Baba!" Binti aliingia anahema. "Nimesimama kule mpaka miguu imekufa ganzi!"

"Sijapokewa, mwanangu."

Hasira zikampanda binti, za leo na za harusini. Akafungua kinywa amwambie yote. Akamwona baba yake bado amesimama wima, koti limefungwa mpaka shingoni. Akachukua ufagio, akauweka begani, akapiga mguu chini.

"Nimekuja kupokea lindo, afande!"

"Mlango mmoja. Umefungwa. Hakuna tukio."

"Nimepokea. Nenda kapumzike."

Mzee akashusha pumzi, akafungua vifungo vya koti. Akapiga hatua chache kuelekea nje, akasita, akarudi kuketi kiti cha jirani.

"Baba, si nimeshakupokea?"

"Umenipokea," alisema mzee. "Sasa nakungoja wewe, zamu yako iishe."