Mipira Juu ya Springi

Mtu tusiyemjua aliingia kwenye karakana saa nne asubuhi, ovaroli yake ikinuka dizeli, mtaimbo mkononi, askari wa lango akimkimbilia nyuma. Hakusalimu. Aliibandika karatasi mezani pangu kwa kiganja.

"Nani ameandika huu wizi?"

Karatasi ilikuwa yetu, yenye nembo ya duka letu la magari la Westlands. Ilisema gari la Bi Hannah Waithaka libadilishwe shoki zote nne, zile nguzo zinazomeza mishtuko ya barabara, pamoja na mikono miwili ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele. Shilingi laki mbili na elfu kumi.

"Si mimi, mzee," nilisema. "Naitwa Awiti. Karibu uketi."

"Sikuja kuketi. Mimi ni Were, fundi wake kule Dagoretti miaka sita. Hiyo gari inagonga mbele kidogo tu ikipita matuta, na nyinyi mnataka pesa ya kununua ingine!"

Bi Hannah mwenyewe alikuwa amemfuata, mkoba kifuani. Kila siku aliendesha kutoka Dagoretti hadi Spring Valley, alikofundisha chekechea. "Usimbembeleze na kiti," aliniambia. "Hata mimi nimekasirika. Nataka mtu mmoja tu aniambie ukweli kuhusu gari yangu."

Nilikuwa nimetafuta kazi miaka miwili tangu nihitimu uhandisi. Hapo nilikuwa kwenye majaribio, na Ijumaa meneja wetu, Bwana Kibe, angeamua kama nabaki. Hata hivyo mdomo wangu ulitangulia.

"Nitaliangalia mwenyewe, nyote mkiwa mmesimama hapa. Nitakachokiona ndicho nitakachoandika, na nitaweka sahihi."

Were alicheka. "Sahihi ya mtoto wa juzi!"

"Ameahidi," alisema Bi Hannah. "Tutaona."

Tulilipandisha gari hewani. Nilishika kila gurudumu la mbele juu na chini, nikalitikisa kwa nguvu zangu zote. Halikucheza hata kidogo. Mikono ile ilikuwa mizima.

"Si nilisema?" Were alifoka. "Wezi wenye tai shingoni, hawa!"

Nilipangusa shoki kwa kitambaa. Za nyuma zilikuwa kavu. Ya mbele kushoto ilikuwa na utelezi mweusi.

"Hayo ni maji ya barabara," Were alisema upesi.

Nilisugua vidole. "Ni mafuta. Hii imekufa, na za mbele hubadilishwa mbili pamoja."

Kisha nikashika linki, vile vyuma vyembamba vinavyozuia gari lisilale kwenye kona. Zote mbili zilicheza kama meno ya mtoto. Hapo ndipo kulipotoka kugonga. Lakini zilikuwa mpya bado, hazina hata kutu, na nilijiuliza ni nini kilichozimaliza mapema hivyo. Nikamulika tochi juu zaidi. Juu ya springi palikuwa na mpira mweusi, unene wa vidole vitatu. Upande wa pili, vilevile.

"Nani aliweka spesa hizi?"

Were aliangalia sakafu. Nusu ya magari madogo ya Nairobi yameinuliwa hivyo ili yasisugue tumbo kwenye matuta. Lakini mipira minene kiasi hicho huvuta linki kila siku kupita urefu wake.

Bi Hannah alimgeukia. "Mara mbili nimekulipa linki, Were. Mara mbili!"

"Si ni wewe ulilia gari inaguza chini? Kila mtu anaweka!"

"Hukuniambia zitaharibu kitu!"

Kelele zilimtoa Kibe ofisini. Alitazama gari lililokuwa hewani, akanitazama mimi. "Nani amekutuma huko chini?"

"Nimekagua, bosi. Makadirio yetu si sawa. Mikono ni mizima, na shoki za nyuma pia. Kazi ya haki haifiki nusu ya bei ile."

"Fundi wetu ameshaangalia."

"Aliliendesha tu kuzunguka jengo. Hakulipandisha."

Alinisogelea. "Siku kumi na tisa hapa na tayari wewe ni profesa. Piga hiyo karatasi muhuri, Awiti. Ijumaa si mbali."

"Nimewaahidi, bosi."

"Wewe ni nani uahidi? Kampuni ndiyo huahidi." Akauchukua muhuri mezani pangu, akautia mfukoni, nisiupige kwenye karatasi nyingine.

Were naye akaninong'oneza, mara ya kwanza kwa sauti ya chini. "Dada, andika shoki na linki. Ya mipira wachana nayo. Mimi nina wateja huko."

Nilichana ukurasa katika daftari langu. Niliandika kila kitu: shoki mbili za mbele, linki mbili, mipira itolewe kwa sababu ndiyo chanzo, mikono na shoki za nyuma ziachwe. Nikaweka sahihi.

Were aliusoma juu ya bega langu, akatema mate nje ya mlango, akaenda zake.

Bi Hannah aliusoma mara mbili. Hakushukuru. "Kwa hivyo nyote mlikuwa mnanila. Yule miaka sita, na nyinyi kwa siku moja."

"Ndiyo, mwalimu."

"Awiti," Kibe alisema, mkono ameunyoosha. "Beji."

Nilianza kuifungua, lakini Bi Hannah akanirudishia ukurasa.

"Huu mkwaruzo ni nini? Sahihi peke yake mtu anaweza kuikana. Andika jina lako lote, na nambari ya simu."

Mkono wa Kibe ulikuwa bado hewani. Nilimwomba angoje kidogo, nikainama, nikaandika.