Korido ya Hatua Nane

Baba yangu alikubali kuhama nami kwa sharti moja, na alilitamka mbele ya shangazi ili nisije nikaligeuza baadaye: hataki kupelekwa chooni kwa kushikwa mkono. Mengine yote nipange nitakavyo. Chakula atakula nitakachompa, godoro liwe gumu au laini, majirani wawe na kelele, yote sawa. Lakini chooni atakwenda mwenyewe, mlango ataufunga mwenyewe, na atarudi mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa nne haoni. Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, naye, fundi cherehani aliyeshona kwa miaka arobaini, akaendelea kutunga uzi kwa lile lililobaki mpaka nalo likazima. Hata hivyo, katika nyumba yetu ya zamani mgeni angeweza kukaa nusu saa asijue kwamba mzee haoni. Alitembea mikono nyuma, kichwa juu, kama mwalimu wa zamu. Kutoka kitandani hadi mlangoni hatua tatu. Kata kushoto, ingia koridoni, hatua nane, geuka kulia, choo. Hakupapasa ukuta hata siku moja. Alisema kupapasa ni kazi ya mwizi.

Mimi ni mpima ardhi. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha, nikakaa miezi saba natazama dari, halafu nikapata nafasi katika mamlaka ya maji ya mji mwingine, kuchora ramani ya mabomba ambayo wenyewe walikuwa wameshasahau waliyafukia wapi. Shangazi alitaka kubaki na kaka yake, lakini kwake choo kiko uani, na uani kuna wajukuu, ndoo, baiskeli na kamba za nguo. Kwa hiyo Baba aje nami, na nyumba nitafute mimi.

Kabla sijaondoka nilimwomba Baba atembee, mimi nikimfuata nyuma na futi kamba. Hatua yake ilikuwa sentimita sitini, haizidi wala haipungui. Nikaandika kwenye daftari: korido, mita nne na sentimita themanini, choo kulia. Watu wengine wanatafuta nyumba kwa kuuliza maji, umeme na tabia ya mwenye nyumba. Mimi nilijua nitakachotafuta mpaka kwenye sentimita, na nilijiona nina akili kuwazidi wote.

Dalali niliyempata alikuwa mtu mnene mwenye kofia na rundo la funguo kiunoni, na kila mlango aliofungua alisema hii ndiyo yenyewe. Nyumba ya kwanza choo kilikuwa nje. Ya pili ilitazamana na ofisi yetu. Ukisimama dirishani ulimwona mlinzi wa getini akipiga miayo. Vyumba vilikuwa vikavu, maji yanatoka, mwenye nyumba bibi mpole anayeishi upande wa nyuma.

"Dada, hapa kazini unakwenda na ndala," dalali alisema. "Ukisahau miwani, unairudia na chai yako haijapoa."

Nikatoa futi kamba. Kutoka chumbani unapita sebuleni, unakatiza jikoni, unashuka ngazi moja, unageuka mara mbili, ndipo choo.

"Haifai," nikasema.

"Kwani dada unapanga nyumba au unaiposa?"

"Haifai kwa mzee wangu. Haoni. Anatembea kwa kuhesabu hatua."

Dalali alivua kofia akajikuna. "Sasa si ndiyo maana? Mchana unavuka barabara, unamwona, unarudi kazini. Mzee anataka mtu, dada. Hataki korido."

Nilimkata jicho. Sipendi mtu kunifundisha baba yangu, tena mtu ambaye dakika kumi nyuma alikuwa ananiapia kwamba choo cha nje ni kizuri kwa afya.

Tulizunguka siku tatu. Alishaanza kuniita Bi Futi, na kila tukiingia mahali alikaa chini mwenyewe kusubiri nimalize kupima. Nyumba ya sita ilikuwa mwisho wa barabara ya lami, huko mabasi yanakogeuzia. Saa moja na nusu hadi kazini kama hakuna foleni, na foleni haikosekani. Nilifungua mlango wa chumba cha kulala: kata kushoto, korido, choo kulia. Nikavuta futi kamba. Mita nne na sentimita sabini na sita. Nilicheka peke yangu koridoni. Kulikuwa pia na mlango wa uani upande huohuo wa kulia, kabla ya choo, lakini haukuwa kwenye vipimo vyangu, kwa hiyo sikuuandika. Nikatia sahihi mkataba wa mwaka mzima siku ileile.

Shangazi alimleta Baba wiki iliyofuata. Nilikuwa nimepanga kitanda kama kule, kichwa kilekile, umbali uleule na mlango. Nikamwambia, "Baba, tembea. Ni kulekule."

Alisimama kitambo. Kisha akatoka, mikono nyuma. Hatua ya tatu mlango ulikuwa bado mbele yake. Akaongeza moja, akakata kushoto, akahesabu nane kwa sauti ndogo, akageuka kulia akanyoosha mkono. Akashika kitasa cha mlango wa uani.

"Mbele kidogo, Baba," nikasema.

"Korido yako ndefu," akasema, akitabasamu.

Ningesema ni uchovu wa safari, yakaisha. Lakini mimi nina kichwa kigumu. Nilichukua futi kamba, nikapima tena mbele yake, nikamsomea namba kwa sauti. Nilikuwa nabishana na kipofu kuhusu miguu yake mwenyewe.

"Vipimo viko sawa, Baba."

"Basi viko sawa," akasema.

Shangazi alikaa siku tatu akaondoka. Mimi nikaanza kazi. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri nikimwachia Baba chupa ya chai, jagi la maji na chakula kilichofunikwa, nikarudi jioni saa moja, miguu imevimba. Kila jioni nilimwuliza habari za mchana, na kila jioni alisema salama. Choo je? Nimeshazoea. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Niliona midomo yake imekauka nikanunua mafuta ya kupaka. Nilikuta chupa ya chai imejaa nikadhani chai yangu mbaya, nikabadilisha majani.

Wiki ya tatu ikanyesha mvua tangu alfajiri. Mitaro ilifurika, na bomba halitafutwi chini ya mto, kwa hiyo msimamizi alituruhusu kurudi makwetu. Nilifika nyumbani saa sita mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati na Baba hakusikia ufunguo.

Alikuwa amesimama koridoni. Mikono haikuwa nyuma. Mmoja ulikuwa mbele ya uso wake, mwingine unapapasa ukuta, na miguu ilikuwa haiinuki, inaburuta sakafuni kama mtu anayetembea kwenye utelezi. Alihesabu: tano, sita. Akasimama. Vidole vilikuwa vimefika kwenye fremu ya mlango wa uani. Aliutoa mkono haraka, akarudi nyuma hatua moja, akageuka, akaanza kurudi chumbani, akihesabu upya. Nikasikia kitanda kikilia alipoketi.

Mimi nilibaki pale mlangoni nikichuruzika maji. Nilikuwa nimeona hatua yake, na macho yangu hupima hata nisipotaka. Haikuwa sentimita sitini. Ilikuwa hamsini, labda pungufu. Hamsini mara nane ni mita nne, na mita nne ndipo ulipo mlango wa uani. Mtu aliye kwake hutembea. Aliye ugenini hujivuta. Hesabu ya darasa la nne, na sikuwa nimeifanya.

Niligonga fremu ya mlango wa chumba chake ili asishtuke.

"Umerudi mapema," akasema.

"Mvua. Baba, umekwenda chooni leo?"

"Asubuhi ulipokuwa hujatoka."

Niliinua chupa ya chai. Nzito. Jagi limejaa. Nikaketi kando yake.

"Tangu lini hunywi kitu mchana?"

Alianza kujipapasa goti, pale ambapo zamani alikuwa anaweka kitambaa.

"Siku ya pili baada ya shangazi yako kuondoka," akasema. "Nilihesabu nane, nikafungua, nikaingia. Vifungo nilishavifungua njiani, unajua uzee. Nikasikia baridi. Nikasikia wanawake wa jirani wananyamaza. Walikuwa wanaanika nguo."

"Baba."

"Mmoja alikuja. Mtu mwema, sauti yake kama ya umri wako. Akanifunga vifungo. Akanishika mkono akanipeleka chooni, akasimama nje ya mlango akinisubiri, akanirudisha mpaka hapa." Aligusa vifungo vya suruali yake. "Alisema nisijali, hata babu yake alikuwa hivyohivyo."

Nililia. Sikujaribu kuzuia, na yeye hakunibembeleza.

"Mlango wa uani nitaufunga kwa kufuli leo," nikasema. "Nitafunga kamba ukutani mpaka chooni. Nitanunua..."

"Funga. Lakini kufuli haitanirudishia hatua yangu." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Walikuwapo wateja wa namna yako. Mtu anatuma gauni la zamani kwa fundi, anasema shona kama hili, yeye mwenyewe haji kupimwa. Nilikuwa nawarudishia kitambaa chao. Nawaambia, njoo mwenyewe, mwili umebadilika."

"Ulisema hutaki kushikwa mkono. Ndiyo sababu nilichukua huku."

"Najua ulichofanya. Shangazi yako alinieleza siku tatu ulizozunguka. Kama ungeniuliza ningekuambia chukua ile ya karibu na kazi yako. Lakini hukuniuliza, na mimi sikukusaidia kwa lile sharti langu. Tuliongea kama fundi na mpima, si kama baba na mtoto."

Nilitoka koridoni nikampigia dalali. Nikamwuliza ile nyumba ya pili, ya kutazamana na ofisi. Alicheka kwanza, akidhani namtania, kisha akasikia sauti yangu.

"Dada, ile ilichukuliwa siku nne baada yako. Mtu wa hukohuko ofisini kwenu. Analala mchana, anarudi kazini." Nikasikia funguo zake zikilia. "Na wewe una mkataba wa mwaka. Mzee hajambo?"

"Hajambo," nikasema, nikakata simu.

Nilirudi chumbani. Baba alikuwa hajasogea. Mvua ilikuwa imepungua, na uani nilisikia mtu akikung'uta nguo, wanawake wakiongea. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza sauti ipi ni ya yule aliyemfunga vifungo. Midomo yake ilikuwa nyeupe.

"Leo hurudi kazini?" akauliza.

"Sirudi, Baba."

"Mpaka jioni?"

"Mpaka kesho alfajiri."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi nipe maji."

Alikunywa glasi tatu bila kupumzika, nami nimesimama mbele yake na jagi.