Upindo wa Suruali ya Nzeyimana

Oktoba 1990, vita vilipoingia mpakani, Fundi Shabani wa mtaa wa Biryogo alipewa kazi ya kushona sare za jeshi. Babu yake aliwashonea askari wa Mjerumani, baba yake wale wa Mbelgiji. Bunduki zilibadilika, ila hakuna mkubwa aliyewahi kuleta mtoto wake kupimwa. Leo aliyesimama mbele ya futi yake ya kupimia ni Nzeyimana, mwanawe mwenyewe, aliyeandikishwa jeshini jana.

Shabani akamwachia upindo mrefu, kama wa sare ya shule.

"Wewe muzee, unaharibu kitambaa," sajini aliyesimamia kazi akafoka. "Kata!"

"Afande, huyu bado anakua."

Sajini akacheka. "Kule iko anaenda, hakuna kukua."

Nzeyimana akatazama ukuta. Shabani akakata, kisha akamwambia ageuke, ampime mgongo wa shati.