Bitana ya Koti la Posa

Koti lilikuwa la kahawia, na fundi cherehani aliyelishika ndiye mke wa mwenye koti. Jumamosi mume angelivaa kwenda kuposa mke wa pili, na mkewe alikuwa amekubali. Angekataaje? Baada ya binti yao wa kwanza, mzima kama kigingi, alizaa wawili wakageuka manjano, wala hakuna aliyemaliza wiki. Mama mkwe akambandika jina: Shimo. "Sisi tunapanda, Shimo linameza," husema mbele ya wageni, na wageni hutazama chini.

Basi akawa anafumua bitana iliyochakaa. Kwapani, mkasi ukakuta mshono asioujua: uzi mweusi juu ya kahawia, hatua ndefu ndefu, umepinda kama njia ya mlevi. Huo haukuwa mkono wake. Akaukata. Ikatoka karatasi ya hospitali, imekunjwa mara nne, ina jina lake na tarehe aliyozaliwa binti yake, miaka minane nyuma.

Madarasa yake machache yalitosha kusoma: Mama kundi O, hasi. Mtoto kundi O, chanya. Mama achomwe sindano kabla ya siku tatu kwisha. Chini, sahihi ya mume kwamba ameipokea.

Akavuka barabara mpaka zahanati, kwa muuguzi anayemshonea sare.

"Shoga, nieleze hii."

Muuguzi akasoma, akavua miwani. "Umeipata wapi?"

"Kwapani mwa mume wangu."

Hakucheka mtu.

"Damu yako haina kitu kimoja ambacho ya mumeo inacho. Si ugonjwa, ndivyo ulivyoumbwa. Mtoto akimfuata baba, siku ya kuzaliwa damu yake kidogo huingia kwako. Mwili wako unamwona mgeni, unaikariri sura yake. Yule wa kwanza ameshatoka, amepona. Wanaofuata ndio wanaopigwa wakiwa bado tumboni. Ile sindano ingeuzuia mwili usikariri."

"Nikichomwa leo?"

"Umeshakariri, ndugu yangu. Sindano haifuti."

Alimkuta mume uani, anapiga viatu rangi. Akaiweka karatasi juu ya kiatu.

Mume, karani wa miaka mingi, alibaki na brashi hewani. "Pale ulipojifungulia hawakuwa na hiyo sindano. Wakasema nikupeleke hospitali kubwa. Nikaogopa mama atauliza safari ya nini, mzazi wa jana. Angesikia damu yako ina kasoro, ungerudishwa kwenu. Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho."

"Na mama alipotaka kunizalisha wale wawili mwenyewe, hapa nyumbani?"

"Nikaitikia. Hospitali wangeuliza karatasi hii iko wapi."

"Mbona hukuichoma?"

"Ina mhuri," akasema kwa sauti ndogo.

"Naitwa Shimo mezani, nawe unatafuna!"

"Nilikuwa nakulinda, mke wangu."

"Unilinde na nani? Nimezika wawili."

Mume akaisogeza karatasi, akashusha brashi, akaendelea na kiatu, na hilo ndilo lililomkata maini mkewe.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alifika amejifunga kitambaa kipya. "Koti la mwanangu liko wapi?"

"Msumarini, mama. Limekwisha."

Bitana ilikuwa mpya, imelala kama maji ya mtungini. Na kifuani, nje, palipo moyo, ile karatasi ilikuwa imeshonwa pande zote nne, mshono mdogo mdogo usiopitisha hata ncha ya kucha. Mama mkwe akasogeza uso, akasoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye sahihi, akamgeukia mwanawe aliyekuwa akitoka chumbani.

"Sindano gani hii? Na huu si mkono wako, baba?"

Mume akaanza kubandua uzi kwa kucha. Uzi haukutoka. Akajaribu kwa meno.

"Sema!" mama yake akafoka.

Fundi hakungoja kusikia. Alishajitwika cherehani kichwani, mkono mmoja umeishika, wa pili umemshika binti yake.

"Unakwenda wapi, Shi..." mama mkwe akaanza, na jina hakulimalizia.