Gari Jeupe la Langoni

Asubuhi hiyo Mzee Ma Chang-ryeol aliamka akiwa ameshaamua. Maneno aliyamaliza jana.

Kutoka dirisha la ghorofa ya tisa aliliona gari jeupe pale pale, limejilaza mdomoni mwa lango, magurudumu mawili juu ya kijia cha miguu, mawili barabarani, kama ng'ombe aliyegoma. Hapo ndipo watoto wa chekechea walipongojea basi lao la njano, na mmoja wao alikuwa Dan-bi, mjukuu wake wa pekee. Tangu gari hilo lianze kulala hapo, watoto walijibanza nyuma yake kuukwepa upepo wa bahari, na basi likifika walilazimika kushuka barabarani kulizunguka. Vilima vya jiji la Busan havina huruma. Pikipiki za wapeleka vyakula hushuka hapo kama zimerushwa. Kila asubuhi roho ya mzee ilikaa kooni mpaka aone kofia nyekundu ya Dan-bi imeingia ndani ya basi.

Mwenye gari alikuwa Bang Jun-taek, kijana wa ghorofa ya tatu. Wengine wote huacha namba ya simu kwenye kioo cha mbele, ili waitwe gari likizuia mtu, ndio ujirani. Bang aliifunika yake kwa boksi la tishu. Mlinzi Guk alimbandikia makaratasi ya onyo hadi gundi ikamwishia. Polisi waliitwa, wakasema pale ni ndani ya uwanja wa watu binafsi, wao hawana mamlaka. Jana yake mzee alikutana na Bang kwenye lifti.

"Kijana, lile gari utaliondoa lini?"

"Nafasi zimejaa, Babu. Au nikalale nalo kitandani?"

"Chini ya ardhi nafasi zipo tele."

"Kule mbali. Nikitoka kazini miguu haina nguvu."

"Na mtoto akigongwa je?"

"Kuna aliyegongwa?" Bang alitabasamu, akatoka, akamwachia mzee harufu ya marashi.

Basi leo dawa ya moto ni moto. Mzee Ma angeteremsha gari lake mwenyewe, aliegeshe ubavu kwa ubavu na lile jeupe mara tu basi la watoto likiondoka, azibe njia, kisha apande juu anywe uji wake taratibu. Bang apige simu mpaka masikio yamuume. Alipokuwa akishuka alikuwa akicheka peke yake.

Kwenye uwanja wa maegesho, juu ya mteremko wa langoni, alilikuta gari lake limezibwa na gari dogo la kijivu la Mama Na, mwalimu wa piano. Hilo halikumkasirisha. Mama Na ni mtu mstaarabu: akiegesha mbele ya mwenzake huacha gari kwenye gia huru, breki ya mkono ameilegeza, ili mwenye shida alisukume tu kwa mikono na kujitoa. Kwa kuwa uwanja ule unaishia kwenye mteremko wa kwenda langoni, mama huyo huweka na jiwe mbele ya tairi. Desturi ni kusukuma wawili, mmoja mikono kwenye gari, mwingine na jiwe tayari. Tena husukumwa kwenda upande wa ukutani, si upande wa mteremko. Mzee Ma ndiye aliyewafundisha wapangaji wapya sheria hiyo, na aliyekosea alimsema mbele za watu.

Lakini upande wa ukutani leo kulikuwa na gari jingine. Na Guk alikuwa kule chini langoni na fagio lake, akiwaangalia watoto kwa niaba ya mama zao.

"Nalisogeza hatua mbili tu," mzee akajiambia. "Mimi si mtoto."

Akalipiga jiwe teke, akaegemeza bega, akasukuma upande wa mteremko. Gari likasita. Hasira ya Bang ikampa nguvu, akasukuma tena, nalo likaenda. Lilikwenda vizuri, kisha likaenda vizuri kupita kiasi. Mikono yake ikabaki hewani.

"Ee!"

Alilikimbilia, akashika kitasa cha mlango. Umefungwa. Kitasa kikamponyoka kikiwa na kipande cha ukucha wake. Gari lilishuka bila sauti, bila mtu, moja kwa moja, na chini kabisa ya barabara ile aliona nukta nyekundu. Kofia.

"Guk! Watoto! Watoo!"

Sauti haikutoka ilivyopaswa. Mlinzi aligeuka, akaangusha fagio, akafungua mikono kana kwamba mikono inazuia chuma. Halafu ukasikika mshindo uliowafanya watu wa ghorofa zote wafungue madirisha.

Mzee Ma hakukumbuka alivyofika chini. Gari la kijivu lilikuwa limezama ubavuni mwa gari jeupe. Gari jeupe lilikuwa limesukumwa kidogo tu, likang'ang'ania ukingo wa kijia. Nyuma yake watoto walikuwa wamesimama kimya, mikoba mgongoni, midomo wazi. Mzee aliwagusa vichwa mmoja mmoja. Alipoifikia kofia nyekundu akaishika kwa mikono yote miwili.

"Babu," Dan-bi alinong'ona, "si ulisema hili gari baya?"

Mzee akaukamata mkono wake.

Bang alitokea na kandambili, nywele zikimwaga maji. "Nani kanigongea gari? Nauliza nani…" Kisha akawaona watoto na mahali waliposimama. Rangi ikamtoka usoni.

"Ni mimi," mzee alisema. "Nililisukuma peke yangu. Nilitaka kukuzibia."

Akainama, kichwa chini kabisa, yeye mzee kwa kijana, na watu wote madirishani wakitazama. Hakuinuka. Bang alibaki akimtazama kisogo, asijue pa kuiweka mikono yake.

"Inuka, Babu. Inuka bwana." Akajaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Sasa… sasa niliache hapa hapa tu, au?"

Mzee aliinua uso, machozi yakiteremka.

"Liondoe," alisema. "Leo hii. Bahati si mlinzi wa watoto. Na mimi, Guk, kuanzia leo nikionekana nashika gari la mtu peke yangu, nisemeni kama nilivyokuwa nawasema."

Guk alikuwa amepanda juu akashuka, na mkononi alikuwa na jiwe la Mama Na. Alimkabidhi mzee, maana hakuna aliyejua la kulifanyia.

Basi la njano likafika, likafungua mlango. Watoto wengine wakapanda. Dan-bi alivuta mkono wake mara moja, mara ya pili.

"Babu, niachie. Wananingoja."

Dereva akapiga honi. Mzee Ma alikuwa ameshika jiwe mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, na vidole havikutaka kufunguka.