Silaha za Mama wa Mikono Kumi

Karimu alikuwa amefika katikati ya daraja la mto Ntahangwa, Bujumbura, baiskeli mkononi na gunia begani, alipogundua kwamba yeye ni mjinga. Wiki nzima aliwaza habari ya bati, habari ya rangi ya dhahabu, habari ya kuchelewa. Habari ya askari hakuiwaza hata kidogo. Na sasa mbele yake kamba ilikuwa imefungwa kutoka pipa hadi pipa, na nyuma ya kamba alikuwepo ajida Méthode, mkuu wa kizuizi, amekalia kiti cha kanisani ambacho hakuna aliyethubutu kuuliza kilifikaje pale.

Ndani ya gunia mlikuwa na upanga, mkuki wa ncha tatu, upinde na mshale wake, rungu, shoka, na vingine ambavyo hata Karimu aliyevitengeneza hakujua majina yake.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wa tisini na sita. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, petroli iliuzwa kwenye vichupa kama dawa ya kikohozi, na katika mji huu mtu aliweza kupotea kwa sababu ya kisu cha kumenyea ndizi. Shaabani, fundi baiskeli jirani yake Karimu kule Buyenzi, alichukuliwa pamoja na bisibisi yake. Bisibisi ilirudi. Wale wakubwa walioingiza bunduki kwa ndege hawakusimamishwa na kamba ya mtu yeyote. Kamba ni ya mwenye baiskeli, ilikuwa hivyo mwaka wa mauaji, sabini na mbili, wakati Karimu anaanza kuota ndevu, na haijabadilika.

"We, muzee, kuna nini mu gunia?" aliuliza Bonfils, askari kijana mwenye bunduki kubwa kuliko mabega yake.

"Ni vyuma tu, kijana yangu."

"Mwaga."

Karimu akamwaga. Jua la saa nne liliwaka juu ya dhahabu ya uongo, na daraja zima likang'aa kama harusi. Ajida Méthode aliinuka polepole, akavihesabu kwa ncha ya kiatu, kisha kabla hajauliza swali hata moja akashika redio yake.

"Kambi, kambi! Huku darajani. Nimekamata silaha kumi na mutu moja. Narudia: silaha kumi, mutu moja!"

Redio ikakoroma, kisha ikasema sauti ya mkubwa: "Vizuri sana, Méthode. Vizuri sana! Jioni nataka kuziona."

Tangu apelekwe pale darajani, ajida hakuwahi kuambiwa vizuri sana. Uso wake ulilainika kama wa bibi harusi. Karimu alipouona uso ule alielewa: mtu akisifiwa kwa ajili yako, kukuachia ni hasara.

"Ni za nani?" akauliza ajida.

"Za mama moja, shefu. Wa Mutanga Nord."

"Mama moja anafanya nini na silaha kumi?"

"Ana mikono kumi, shefu."

Bonfils alicheka. Ajida hakucheka. "Umemuona na macho yako?"

"Apana."

"Unamutengenezea mutu silaha na haujamuona?"

"Mi ni Muisilamu, shefu. Sina ruhusa ya kumutazama."

Na huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe, ingawa pale darajani ulisikika kama wazimu. Mambo yalianza kwa Bwana Naresh, muuza vitambaa, na mkewe Supriya aliyezaliwa Bengali kule India. Kila mwaka Supriya humfanyia karamu Durga, mama wa miungu yao. Miaka mingine sanamu yake ilikuja kutoka ng'ambo ndani ya sanduku. Mwaka huu, mipaka ikiwa imefungwa, Supriya akanunua udongo kwa wafinyanzi na kuufinyanga mwenyewe sebuleni. Lakini silaha hazifinyangwi zikapendeza, kwa hiyo akamtafuta fundi bati.

Nyumbani kwa Karimu, mkewe Mwanvua ndiye aliyetoa hukumu. "Bati halina dhambi," alisema. "Tengeneza. Ila usiingie kule, usimtazame, na usiniletee hadithi zake hapa."

Supriya hakukasirika. Alibonyeza donge la udongo katika kila kiganja cha yule mama wa sebuleni, akampelekea Karimu madonge hayo yaliyokauka, na Karimu akakata mishikio kwa kuyafuata, kama fundi viatu anayeshona kwa kufuata nyayo za mtu asiyemjua. Kisha vijana wa mjini wakatangaza siku za mji kufungwa, maduka yakalala, kila aliyetoka akapigwa mawe, na karamu ya Durga ikaanza mama akiwa mikono mitupu. Leo ilikuwa siku ya mwisho.

"Nipeleke kwa huyo mama," alisema ajida. "Akiwepo, nitamuona. Asipokuwepo, wewe na mimi tutaenda kambini."

Walipanda kamionete ya jeshi. Baiskeli ilibaki chini ya ulinzi wa askari mwingine, ambaye alikwisha kuikalia.

Bwana Naresh alifungua geti, akaona kofia za jeshi, akaona gunia, na rangi ikamtoka.

"Mzee Naresh, waambie!" Karimu alilia. "Waambie vyuma ni vya mama!"

"Mama gani?" alisema Naresh. "Huyu simjui. Hapa hakuna silaha, shefu. Sisi ni watu wa vitenge. Chukua vitenge!"

Karimu alimkumbuka Naresh akinywa chai kwenye karakana yake, akisifia mkono wake, akimwita ndugu. Hivi ndivyo walivyo wenye maduka: undugu wao una saa za kufungua na saa za kufunga. Bonfils alikwisha kumshika kola.

Mlango wa sebule ukafunguliwa kwa kishindo na Supriya akatoka, sari nyekundu, unga wa manukato hadi kwenye nyusi.

"Karimu! Ndiyo saa ya kuja hii? Mama anaondoka leo, unataka aende kwake mikono mitupu kama mjakazi aliyefukuzwa?" Kisha akawaona askari. "Na hawa? Viatu! Viatu nje, watoto wangu, nyumba hii ina mgeni."

Mumewe alimkonyeza mpaka macho karibu yamdondoke. Supriya hakujali. Na ajida Méthode, aliyewahi kuingia nyumba nyingi bila kubisha hodi, aliinama akafungua kamba za buti. Soksi yake moja ilikuwa na tundu.

Karimu aliingia akitazama sakafu. Akasikia Bonfils anapumua kwa nguvu.

"Yampaye inka," alisema Bonfils, akiapa Kirundi kwa jina la aliyempa ng'ombe. "Muzee hakusema uongo. Hesabu mikono, shefu!"

Lakini ajida hakuwa anatazama mikono. Alikuwa anatazama chini, miguuni pa mama, pale ambapo simba aliruka na chini ya simba alilala mnyama mweusi mwenye pembe, shingo imekunjwa kusubiri mkuki. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliyekuta msiba.

"Huyu ng'ombe amefanya nini?"

Aligeuka akamnyoshea Supriya kidole.

"Nauliza! Huyu ng'ombe amemukosea nani? Wahindi nyinyi si hamuli ng'ombe? Munamuheshimu, munamuvika maua. Leo mama yenu anamuchoma mukuki?"

"Shefu, si ng'ombe," alisema Supriya. "Ni nyati. Mbogo."

"Mbogo?"

"Mbogo wa porini. Tena si mbogo wa kweli. Ni jitu baya lililojigeuza mbogo, jina lake Mahisha."

Ajida alivuta pumzi. "Aa. Mbogo, sawa. Mbogo ana roho mbaya, mbogo alimuvunja mujomba wangu mbavu." Alichuchumaa, akapapasa pembe. "Lakini pembe umekosea, mama. Hizi ni za mbuzi. Pembe ya mbogo inaanzia huku, inashuka, halafu inapanda. Leta udongo kidogo."

Basi wakakaa hapo wote, Karimu akiwa na kola iliyoshikwa na jasho linalomtiririka mgongoni, mkuu wa kizuizi akirekebisha pembe za pepo kwa vidole vyake viwili. Alipomaliza aliinuka akiwa ameridhika, akakumbuka kazi.

"Sasa silaha. Kama ni zake, zitamuingia."

Bonfils alizipachika moja moja. Karimu alifumba macho na kusikiliza. Bati lilisugua udongo, likakwama, likaingia. Kila moja iliingia. Kwa mara ya kwanza tangu darajani alipata pumzi.

"Upanga huu umeandikwa," alisema Bonfils. "Umeandikwa kwamba mafuta haya ni ya msaada na hayauzwi."

"Ni makopo," alisema Karimu, macho bado yamefumbwa. "Makopo ya mafuta ya wakimbizi. Niliyanunua sokoni."

"Nani anauza mafuta ya wakimbizi sokoni?" alifoka ajida, kisha akakohoa, akamtazama Bonfils, na Bonfils akatazama dari. Swali hilo halikuulizwa tena na mtu.

"Zote hizi huyu mama alizipata wapi?" ajida akauliza, akimgeukia Supriya kwa haraka.

"Alipewa. Mahisha aliahidiwa kwamba hakuna mwanaume atakayemuua, akasahau kutaja wanawake. Miungu wanaume walipigana naye wakashindwa wote. Basi wakakusanyika, wakamuumba mama, na kila mmoja akampa silaha yake. Shiva akatoa mkuki wa ncha tatu. Vishnu akatoa hii duara yenye makali. Indra akatoa radi..."

"Ngoja. Wenyewe wakabaki na nini?"

"Wakabaki kutazama."

"Wanaume wazima? Walitoa zote?"

"Ndiyo maana dunia ilipona, shefu."

Ajida aliutazama uso wa mama. "Mbona anaua na anacheka?"

"Hana hasira. Anamhurumia. Anachokiua ni ujinga uliomo ndani yake, ili roho yake iwe huru."

Karimu alikuwa anawafahamu watu wanaoua bila hasira. Wengi wao walivaa tai. Lakini huyu wa Supriya alisikika kuwa wa namna nyingine, na siku ile haikuwa ya kufungua mdomo.

"Ameolewa?" aliuliza Bonfils.

"Sana. Leo anarudi kwa mumewe, mlimani."

Sebule ikapoa. Katika Bujumbura ya mwaka ule milimani kulikuwa kwa waasi, na mwenye mume mlimani hakulisema hilo mbele ya askari. Ajida akashika bunduki. "Mulima gani? Bwana yake iko mu musitu?"

"Himalaya, shefu!" alipiga kelele Naresh kutoka uani.

"Hiyo ni komini gani, ya mukoa gani?"

"Ni India, shefu. Mbali. Kuna barafu, hata mihogo haioti!"

Ajida alifikiri, akaachia bunduki. Kisha akakaa kwenye kochi na kushika kichwa. "Muzee," alimwambia Karimu, "nimekuamini. Bati ni bati, mama ni mama. Lakini mimi nimesema kwenye redio, silaha kumi na mutu moja. Mukubwa anangoja jioni. Nikimwambia ni bati la mafuta, nitachekwa mpaka kustaafu. Samahani, tutaenda."

Hapo Karimu alifungua macho. Kumbe ajida ameamini kwamba Karimu hana kosa, na bado anampeleka! Hasira ya tangu sabini na mbili ilimpanda, ikamtoa hofu.

"Shefu, kwenye redio ulisema mutu. Ulisema mwanaume?"

"Sikusema."

"Mwenye silaha ni nani? Ni mimi? Mimi sina hata mikono ya kuzishika. Mwenye silaha ni huyu hapa, amezishika, umemukuta nazo. Mukamate yeye!"

Supriya alipiga yowe. "Hapelekwi kambini! Leo lazima aingie majini. Udongo wake unarudi ziwani jioni, ndivyo anavyokwenda kwake!"

"Ziwani?" alisema ajida. Aliinua kichwa. "Anaingia ndani ya maji? Na silaha zote?"

"Na zote."

"Na haonekani tena?"

"Mpaka mwaka kesho."

Mtu angemwona ajida Méthode wakati ule, uso ukimng'aa, angesema ndiye aliyeumbwa upya sebuleni.

Hivyo, mwaka ule, Durga alisindikizwa ziwani na jeshi. Alipanda kamionete amesimama, simba mbele, mbogo mwenye pembe sahihi chini, Naresh akipiga ngoma kwa furaha ya mtu ambaye vitenge vyake vimepona, na kila kizuizi walichopita kilimpigia saluti kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Ufukweni, Karimu, Bonfils na Naresh walimbeba hadi maji yakawafika kifuani. Alizama taratibu, dhahabu ya uongo ikimeta chini ya maji, na ua la bati likatangulia kuachana na kiganja na kuelea.

"Hata ua ulilihesabu silaha, shefu," alisema Bonfils.

"Nyamaza," alisema ajida, na kushika redio. "Kambi! Mushukiwa ni mwanamuke, ana mikono kumi. Amekimbia kwa njia ya ziwa. Silaha zote zimezama naye. Ndiyo. Kuelekea Uvira, Zaire. Muzee aliyebeba ni shahidi tu, nimemuachia."

Redio ilikoroma kwa muda mrefu. Kisha ikasema vizuri sana.

Karimu alirudi Buyenzi kwa miguu, akidondosha maji, hai. Baiskeli hakuiulizia.

Asubuhi iliyofuata alilala mpaka jua likapanda, na aliyemuamsha ni Mwanvua, akitoka sokoni, kapu tupu, kilemba kimepinda.

"Mji huu umeharibika kabisa," alisema, akitupa kapu. "Wameweka vizuizi vipya njia nzima. Wanaume wanapita tu. Sisi wanawake tumepangwa foleni, tunaambiwa tutoe mikono yote. Nikatoa miwili. Askari akaniambia, 'Mama, toa na ile mingine.'"